Barua ya wazi kwa wenye milango anayopitia fundi bandia

Waheshimiwa,

Tunawaandikia ninyi mnaotengeneza vivinjari na mifumo endeshi, ninyi mnaouza nafasi za matangazo kwenye injini za utafutaji, wenye programu za kudhibiti kompyuta kwa mbali, kampuni za simu, mabenki, wauzaji wa kadi za zawadi, na wasimamizi wa sheria mliopewa mamlaka juu ya hao wote. Sisi ni mafundi wa kompyuta za majumbani.

Yah: FUNDI ASIYEITWA

Kila utapeli wa fundi bandia, yaani mtu anayejifanya fundi wa kompyuta ili aibe fedha, unapotangazwa, mwenye kompyuta huambiwa neno lilelile: kuwa makini. Ushauri si mbaya, lakini unamtwika mzigo wote mtu mmoja aliyekaa peke yake mbele ya skrini inayopiga king'ora. Tapeli wa aina hii, mara nyingi, havunji chochote. Hana kirusi cha ajabu, wala hajadukua mashine. Anapita kwenye milango iliyo wazi, na kila mlango una mwenyewe, tena mwenye ofisi na funguo. Tunaifuata njia yake mlango kwa mlango, ili kila mmoja wenu apaone pake.

Mlango wa kwanza ni kivinjari. Mtu anatafuta mwongozo wa printa yake, anakosea herufi moja kwenye anwani ya tovuti au anabofya tangazo, mara skrini nzima inajaa buluu au nyekundu. Sauti inarudia kwamba kompyuta imezuiwa na asithubutu kuizima. Katikati kuna namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Madirisha ya ulinzi wa Windows yanaonekana yakikagua faili, na hesabu ya virusi inapanda. Vyote hivyo ni picha ndani ya ukurasa wa tovuti. Hata upau kazi wa chini na alama ya X ya kufungia dirisha vimechorwa. Kwa kawaida kivinjari hakiruhusu ukurasa ujaze skrini mpaka mtumiaji abofye mahali fulani, na X ya kuchorwa ipo kwa kazi hiyo hasa: anayebofya ili afunge ndiye anayetoa ruhusa. Baada ya hapo ukurasa unaficha kishale cha kipanya, unafungua visanduku vya ujumbe kimoja baada ya kingine, na mara nyingine unajaza historia ya kivinjari ili kitufe cha kurudi nyuma kisifae kitu na mashine ilemewe. Mtu anaona kompyuta imefungwa. Haijafungwa.

Kutoka ni hivi. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde mbili au tatu. Kukigusa mara moja huenda kusitoshe, kwa sababu baadhi ya vivinjari huruhusu ukurasa uliojaza skrini uikamate Esc, na ni kuishikilia tu kunakovunja mshiko huo. Kisha Alt na F4, kufunga dirisha. Ikishindikana, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager. Chagua kivinjari, kisitishe. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc. Hizo nazo zikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, sekunde kumi hivi. Kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, basi. Kosa kubwa hufanyika baadaye: kivinjari kikifunguliwa tena kinauliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, mtu anakubali, king'ora kinaanza upya, na sasa anaamini kabisa kwamba ana kirusi. Kataa. Kama kivinjari kimepangwa kirejeshe kurasa bila kuuliza, zima Wi-Fi au chomoa waya wa intaneti kwanza, kifungue, funga kichupo kile, ndipo urudishe mtandao.

Sasa ninyi wa vivinjari. Mwaka 2025 Edge ilipata kizuizi kinachotambua kurasa za kutisha kwa kuutazama mwonekano wake papo hapo kwenye kompyuta, na Chrome 137 ikaanza kutumia modeli ya akili bandia iliyomo ndani ya kivinjari kwa shabaha hiyohiyo. Tunawapongeza, ila kwenye Chrome, kinga hiyo ilipoanza, waliofikiwa ni wale waliokuwa wamewasha ulinzi ulioimarishwa kwenye mipangilio. Anayejua kuuwasha si yule anayepiga simu kwa fundi bandia. Isitoshe, hakuna haja ya akili bandia kujua kwamba ukurasa uliofunguliwa sekunde tano zilizopita, usiowahi kutembelewa, hauna sababu ya kujaza skrini, kupiga sauti na kuficha kishale kwa wakati mmoja. Tunaomba mambo mawili. Ukurasa mgeni ukijaza skrini, ukanda wa kivinjari usioweza kufunikwa ubaki juu, ukiandikwa kwa lugha ya mtumiaji: huu ni ukurasa wa tovuti, bonyeza hapa kutoka. Na kivinjari kilichositishwa kwa nguvu kisirejeshe kichupo cha mwisho bila kuonyesha kwanza anwani yake.

Kuna mlango mdogo ubavuni mwa huo: arifa. Tovuti inamwambia mtu abofye "ruhusu" ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Kuanzia hapo, kona ya skrini inatoa onyo la antivairasi kila baada ya dakika chache, hata kivinjari kikiwa hakionekani. Antivairasi haioni kitu kwa sababu hakuna kirusi, kuna ruhusa tu. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, kisha ruhusa za tovuti, kisha arifa, na uondoe kila jina usilolijua. Dakika mbili, kazi imekwisha. Tumeshangaa mara nyingi kuona kompyuta nzima ikifutwa na kusakinishwa upya kwa tatizo la dakika mbili.

Wenye matangazo, mlango wenu unauma zaidi kwa sababu hapo mtu hashambuliwi. Anakuja mwenyewe kutafuta msaada. Injini ya utafutaji ya Bing ilipiga marufuku matangazo ya msaada wa kiufundi wa kampuni za nje mwaka 2016, na Google ikayawekea masharti mwaka 2018, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hamkujua. Tapeli amebadilisha mbinu tu. Mbinu moja mpya inapita hata macho ya mtaalamu: ananunua tangazo linalompeleka mtu kwenye tovuti halisi ya kampuni halisi, ila mwishoni mwa kiungo amepachika maneno ya utafutaji yenye namba yake ya simu. Tovuti ya kampuni inafanya kilichozoeleka, inaonyesha juu ya ukurasa kile "kilichotafutwa", na hivyo namba ya tapeli inasomeka chini ya nembo ya kweli, kwenye anwani ya kweli. Ukikuta namba ya simu ndani ya kisanduku cha utafutaji, au kwenye sentensi inayosema hakuna matokeo ya utafutaji huu, hiyo si namba ya kampuni. Wenye tovuti, zuieni tarakimu zenye umbo la namba ya simu zisionyeshwe hapo. Wauza matangazo, kataeni kiungo cha tangazo chenye namba ya simu iliyofichwa kwenye mkia wake. Kompyuta zenu zinasoma kila herufi ya kiungo hicho kabla ya kupokea malipo.

Kuhusu simu na barua pepe hatutasema mengi. Namba inayoonekana kwenye skrini ya simu inaweza kughushiwa, na kampuni za simu mnalijua hilo kuliko sisi. Ankara ya kufanya upya usajili wa antivairasi ambayo hukuwahi kuwa nayo, yenye namba ya kupiga "kama hukubaliani na malipo haya", ni chambo. Lengo lake ni kukufanya wewe upige. Onyo la kweli la Windows halibebi namba ya simu, na Microsoft imelisema hilo waziwazi kwa miaka mingi.

Tukae kidogo kwenye yale anayoyaonyesha fundi bandia akishapokewa, maana hapa ndipo mtu mwenye akili timamu anapoaminishwa. Anamwelekeza mwenye kompyuta afungue Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Yanajitokeza mamia ya alama nyekundu na njano, na sauti ya simu inashusha pumzi kwa huzuni. Programu hiyo iliwekwa kuandika kila jambo dogo: huduma iliyochelewa kuanza, printa isiyojibu, saa iliyoshindwa kusawazishwa. Kompyuta nzima isiyo na tatizo lolote ina alama hizo kwa mamia. Kisha anamwambia aandike assoc kwenye dirisha jeusi la amri. Orodha ndefu inapita, na karibu na mwisho kuna mstari wa ZFSendToTarget wenye namba ndefu inayoanza na 888DCA60. Anaisoma herufi kwa herufi kabla mwenye kompyuta hajaisoma, na kusema hiyo ndiyo leseni ya mashine yako; ningeijuaje kama si mtu wa kampuni? Namba hiyo ni ileile kwenye Windows zote. Jaribu kwenye kompyuta mbili za nyumba moja, utaona.

Amri ya tree huorodhesha folda tu. Yeye huiita ukaguzi, na wakati mistari inakimbia anaandika maneno "virusi vimeonekana" kwenye kibodi yake. Orodha ikiisha, maneno hayo yanatokea chini kana kwamba yametoka kwa mashine. Netstat huonyesha mawasiliano ya kompyuta na anwani za nje, na yeye huyaita wadukuzi, ingawa ni tovuti zilizofunguliwa na programu zinazotafuta masasisho. Kama tayari ameunganishwa kwa mbali, mdukuzi wa kweli kwenye orodha hiyo ni yeye mwenyewe. Na kwenye kisanduku cha Run akiandika inf kisha neno trojan, Windows inafungua folda yake ya kawaida ya inf na kulipuuza neno la pili. Mtu asiyejua anaona folda imejaa faili asizozielewa, na jina la kirusi amelitaja mwenyewe.

Microsoft, hili mnaliweza. Kulikuwa na syskey, chombo cha zamani ambacho matapeli walikitumia kuweka nenosiri kabla ya Windows kuwaka, kisha wakadai fedha ili walifungue. Mlikiondoa kwenye Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017, na mlango huo umefungwa tangu hapo. Hatuombi muondoe Event Viewer, sisi wenyewe tunaihitaji. Tunaomba mstari mmoja juu ya orodha yake, kwa lugha ya mtumiaji: maonyo na makosa hapa ni ya kawaida, kama mtu amekupigia simu na kukuambia uyatazame, kata simu.

AnyDesk, TeamViewer, ScreenConnect na Quick Assist iliyokuja na Windows ni vyombo halali vya kudhibiti kompyuta kwa mbali, nasi tunavitumia. Tapeli huomba mtu apakue kimoja na kumsomea namba inayoonekana, au kwa Quick Assist humpa yeye msimbo wa kuingiza. Akishaingia anafanya mambo matatu ambayo mwenye mashine hayatambui: anaweka nenosiri la kuingia bila kuombwa ruhusa tena, anasakinisha chombo cha pili kinachojianzisha kila kompyuta inapowaka, na anaifanya skrini iwe nyeusi akisema "mfumo unasasishwa". Ndiyo maana kufuta ile programu moja uliyoipakua hakutoshi. Tazama orodha nzima ya programu ukiipanga kwa tarehe ya usakinishaji, na orodha ya huduma zinazojianzisha. Wenye vyombo hivi, kwa muunganisho wa kwanza kati ya kompyuta mbili zisizowahi kujuana, zuieni skrini nyeusi, zuieni nenosiri la kudumu kwa saa 24, na kabla ya kukubali ulizeni swali moja tu: je, mtu huyu ndiye aliyeanza kuwasiliana nawe? Jibu likiwa ndiyo, dirisha lijifunge.

Kisha inakuja benki. Fundi anasema kampuni yake inafungwa, au usajili umefutwa, kwa hiyo mteja atarudishiwa 300. Anamwomba aingie kwenye akaunti yake "ili ahakikishe zimefika". Skrini inakuwa nyeusi kidogo. Ikirudi, salio limeongezeka 30,000, na upande wa pili wa simu mtu analia: amekosea sifuri mbili, atafukuzwa kazi, tafadhali rudisha ziada. Hakuna fedha iliyotumwa. Kuna njia mbili za kuupika mchezo huu, na kila moja ina kipimo chake. Ya kwanza, ameubadilisha ukurasa kwenye skrini tu, kwa zana za wasanidi zilizomo ndani ya vivinjari vya kompyuta, ambazo mara nyingi hufunguka kwa F12. Bonyeza F5 ukurasa upakiwe upya, na tarakimu zinarudi zilivyokuwa. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa F5 haisaidii: amehamisha fedha kutoka akaunti ya akiba ya mteja kwenda akaunti yake ya kawaida. Fungua orodha ya miamala usome zimetoka wapi. Ukiona zimetoka kwenye akaunti yako nyingine, umerudishiwa fedha zako mwenyewe. Na usizitazame kwenye kompyuta ileile. Tumia simu, au kifaa ambacho fundi hajakigusa.

Mabenki, ninyi mnaona wanachokiona matapeli. Mifumo ya kugundua kikao kinachoendeshwa kwa mbali ipo. Kikao cha namna hiyo kikiambatana na uhamisho kati ya akaunti za mtu mmoja, na dakika kumi baadaye malipo makubwa kwa mpokeaji mpya, huo ni mchoro kamili wa utapeli huu. Na muache kuuliza "una uhakika?". Mteja amefundishwa kujibu ndiyo, na amefundishwa kusema fedha ni za ukarabati wa nyumba. Ulizeni: kuna mtu yupo nawe kwenye simu sasa hivi? Kuna mtu amekuambia utudanganye? Nchini Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mabenki yanalazimika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akafanya malipo mwenyewe, hadi pauni 85,000, na hasara inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Nusu hiyo ya mpokeaji ndiyo tunayoipenda: benki inayomfungulia akaunti mbebaji wa fedha za wizi inapata sababu ya kutaka kumjua. Wasimamizi wa kwingineko, mfano huo upo mezani.

Wauzaji wa kadi za zawadi, ambazo tapeli humtaka mtu amlipe nazo, mteja mwenye simu sikioni anayenunua kadi sita za thamani ya juu ni mteja wa kusimamishwa. Kadi zikinunuliwa kwa wingi zichelewe kuanza kutumika kwa saa chache. Aliyekwisha kumsomea tapeli namba za nyuma ya kadi asitupe kadi wala risiti, na apige simu kwa kampuni iliyoitoa saa hiyohiyo, kwani mara chache salio hukutwa bado lipo.

Kwa wasimamizi wa sheria, takwimu za kituo cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni cha FBI nchini Marekani zina la kusema. Hasara za utapeli wa msaada wa kiufundi zilizoripotiwa mwaka 2023 zilizidi dola milioni 900. Mwaka 2024 zilizidi bilioni 1.4. Malalamiko yenyewe yalipungua kidogo, kutoka zaidi ya 37,000 hadi takriban 36,000. Maana yake ni kwamba kila anayenaswa anakamuliwa zaidi. Mojawapo ya sababu ni kuunganishwa kwa matapeli: fundi anamkabidhi mteja kwa "afisa wa benki", naye anamkabidhi kwa "ofisa wa serikali" anayethibitisha kwamba fedha lazima zihamishwe mahali salama. Mkiendelea kuwa na dawati moja la kompyuta, jingine la benki na jingine la waghushi wa nyaraka, mwathirika mmoja anakuwa majalada matatu yasiyokutana. Wala msitazame vichochoroni tu. Mwaka 2019 Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Marekani kwamba programu ya kukagua afya ya kompyuta iliripoti dalili za virusi kwa sababu tu mteja alijibu ndiyo kwa moja ya maswali manne kabla ya ukaguzi kuanza.

Aliyekwisha kumruhusu fundi bandia aingie afuate mpangilio huu, na mpangilio ndio wenye maana. Akate intaneti kwanza, si programu. Apige simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, akitumia simu ambayo haijaguswa. Kwenye kifaa kingine abadilishe nenosiri la barua pepe kabla ya mengine yote, kwa kuwa barua pepe ndiyo inayofungulia mengine. Atoke kwenye vikao vyote vilivyo wazi, na akague kama kuna kanuni ya kupeleka ujumbe wake kwa anwani asiyoijua. Kisha afute vyombo vya kudhibiti kwa mbali na aendeshe ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mfumo, ule unaoiwasha upya kompyuta na kuchukua kama dakika 15. Kama tapeli alikaa humo peke yake kwa saa nzima, sisi hatukai kubahatisha: tunanakili nyaraka na picha tu, tunasakinisha mfumo upya. Na atarajie simu ya pili baada ya wiki kadhaa, kutoka kwa mtu anayejitolea kumrudishia fedha zake kwa ada ndogo. Orodha za waliotapeliwa huuzwa.

Tunaomba kila mmoja wenu ajibu kwa maandishi kuhusu mlango wake, na aseme tarehe. Kwa atakayeuliza aanzie wapi, mstari mmoja juu ya Event Viewer hauhitaji kikao cha bodi.

Wenu,
Mafundi wa kompyuta za majumbani